Shemeji Aliyegeuza Glasi

Wasikilizaji wapendwa, wewe uliye jikoni, punguza moto kidogo. Wewe uliye kwenye kiti cha kinyozi, kaa hivyo hivyo, usitikise kichwa, tusije tukaongeza msiba juu ya msiba. Na wewe uliyekaa baa mchana huu, ndiyo, wewe, usijifiche nyuma ya chupa. Nakuona. Leo kipindi ni chako kuliko cha mtu mwingine yeyote.

Leo tunamkumbuka mwanamke aliyeuza pombe maisha yake yote ya utu uzima, na akajulikana kwa kukataa kuiuza. Narudia, maana najua redio nyingine zinakoroma kuliko wenye nyumba. Aliuza pombe. Na akajulikana kwa kukataa kuiuza.

Mtaa mzima ulimwita Shemeji.

Jina lilianza kama utani wa wanywaji wa baa ya kona. Walisema dada huyu wa kaunta ni mke wa ndugu yao. Ndugu yupi? Kila mmoja alimsonta aliyekaa pembeni yake. Utani ukakolea, jina likaganda. Wauza mkaa wakamwita Shemeji. Polisi wa doria wakamwita Shemeji. Hata wanawake wenzake, ambao kwa hesabu za ukoo hawakuwa na njia yoyote ya kumwita hivyo, walimwita Shemeji. Na yeye akaugeuza utani huo kuwa fimbo. Ukiomba chupa ya kuongeza wakati ulimi umeshakuwa mzito, alikuangalia kwa huruma kabisa.

"Sikiliza, bwana. Mimi shemeji yako. Nikikulewesha, mume wangu nitamwambia nini?"

"Mume yupi, Shemeji? Huna mume!"

"Ndiyo maana. Nikimpata nisianze naye kwa ugomvi. Kunywa maji."

Watu walicheka, na maji yakanyweka.

Tuanze mbali kidogo, maana bila huko mbali hutaelewa kwa nini leo redio yetu ina sauti ya msiba. Baba yake Shemeji alikuwa fundi rangi. Wanaomkumbuka wanakumbuka kwanza kiatu chake cha kulia. Kiatu kile kilibeba mtaa mzima: tone la kijani ya zahanati, tone la bluu ya shule, na tone kubwa la pinki la yule bwana aliyegombana na mkewe juu ya rangi ya sebule, akashindwa. Baba alikuwa mcheshi. Alijua kupiga mluzi huku brashi iko mdomoni. Na baba alikunywa.

Mama yake Shemeji bado yupo, na sasa hivi anatusikiliza. Shikamoo, mama. Pole, mama. Yeye ndiye aliyetusimulia kwamba giza likianza kuingia alimtuma binti yake mkubwa, Shemeji wetu, akamwite baba. Binti alimbeba mdogo wake mgongoni, kwa sababu mdogo wake alikuwa analia akiachwa. Wakafika mlangoni pa baa, wakasimama. Watoto hawaruhusiwi kuingia, kwa hiyo walisimama pale pale, wakamwona baba yao akimiminiwa nyingine.

Binti akamwambia muuzaji, "Mama anasema baba aje nyumbani. Ameshatosheka."

Muuzaji hakuwa mtu mbaya. Mama anasisitiza hilo, na mimi nalisisitiza. Alikuwa na haraka, ana wateja wengi, mikono imelowa. Akajibu, "Mtoto, mimi nauza tu."

Mimi nauza tu. Wasikilizaji, yashikeni maneno hayo matatu. Yatarudi.

Jioni moja ya mvua baba hakurudi nao. Aliwaambia watangulie, anamalizia iliyobaki kwenye glasi. Wakatangulia. Baba alitoka baadaye, akateleza, akaanguka kwenye mtaro uliojaa maji kando ya barabara. Alilala humo hadi kulipokucha. Waliomkuta walimtambua kwa kiatu.

Siku ya mazishi watu wazima waliongea mengi kuhusu mvua na ubovu wa mitaro. Binti aliongea jambo moja tu. Mama analikumbuka neno kwa neno: "Yule muuzaji alimwona baba hawezi kusimama. Alimwona, mama."

Miaka ikaenda. Binti akawa mwanamke, na kazi aliyoipata ikawa wapi? Baa. Aliosha glasi kwanza, kisha akapewa kaunta. Mtaa haukuacha kusema, mnaujua mtaa. Ati mtu kafiwa na baba kwa pombe, naye anakwenda kumimina pombe! Hana haya? Yeye alikuwa na mdogo wa kiume wa kusomesha, na baadaye binti yake mwenyewe wa kulea. Mama yake alipomuuliza kwa upole kama hawezi kupata kazi nyingine, alisema, "Kazi nyingine zipo, mama. Lakini pale kaunta pana kiti kitupu. Nani alikuwa anamwangalia baba?"

Na hapo, wasikilizaji wapendwa, ndipo ilipoanza habari ya glasi.

Kwenye kaunta ya Shemeji kulikuwa na taratibu. Ya kwanza: ukija na gari au pikipiki, funguo zinaingia kwenye kopo la maziwa nyuma yake kabla hujaonja tone. Hutaki? Kuna soda baridi. Ya pili: ukionekana mdogo, kitambulisho. Kijana mmoja alijisugua kidevu akamwambia, "Shemeji, huoni ndevu hizi?" Akajibiwa, "Mbuzi anazo nyingi kuliko wewe, na yeye pia simuuzii." Kijana huyo sasa ni baba wa watoto, na alilia msibani kuliko wengi.

Ya tatu ndiyo iliyomjenga. Akikuona umefika pako, hakukufokea. Hakukuaibisha. Alichukua glasi yako tupu, akaigeuza, akaiweka kaunta mdomo ukiangalia chini. Kimya. Kisha akaweka maji pembeni, akauliza nani wa nyumbani apigiwe simu. Glasi ikishageuzwa, imegeuzwa. Hata ungekuwa diwani.

Mtaa ukapata neno jipya. Mtu akizidisha maneno kwenye kikao, utasikia, "Jamani, mgeuzieni glasi huyu." Bwana harusi mmoja aligeuziwa glasi kwenye sherehe yake mwenyewe na mkwewe. Ndoa ipo hadi leo.

Mwenye baa, mzee ambaye Shemeji alimwita Bosi, mwanzoni alishika kichwa.

"Shemeji, hii ni baa au zahanati?"

"Ni baa, Bosi."

"Mbona unafukuza wateja?"

"Siwafukuzi, nakutunzia. Yule fundi cherehani ukimlewesha leo akaingia mtaroni, kesho atakunywa nani? Maiti hainywi, Bosi. Na haileti wenzake."

Bosi alikasirika, lakini alicheka, na ukishacheka mbele ya Shemeji umeshapoteza kesi. Mwishowe alimwita mchora mabango, taratibu zote zikaandikwa ukutani kwa rangi nyekundu. Na lililomshangaza Bosi ni hili: wake za watu wakaanza kuruhusu. "Ukienda kwa Shemeji, nenda. Ukienda kwingine, lala huko huko."

Sasa nije kwa mdogo wake. Yule aliyebebwa mgongoni. Alisoma, akakua, akawa kijana mwenye maneno matamu na ndevu za kweli. Akafungua duka la vinywaji. Wapi? Ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na baa ya dada yake. Dada ndiye aliyemtafutia chumba. Dada ndiye aliyesugua sakafu siku ya kufungua. Na kwa kuwa dada ni Shemeji wa wote, yeye akapewa cheo bila kuomba: Shemeji Mdogo.

Walipendana, tuseme ukweli. Mchana dada alivuka barabara na sahani mbili zilizofunikwa, wakala pamoja wamekaa juu ya kreti, wakirushiana maneno.

Lakini mnywaji hana uvivu wa kufikiri. Watu waliogeuziwa glasi wakagundua kwamba barabara si pana. Unatoka kwa Shemeji mkubwa, unavuka, unafika kwa Shemeji Mdogo, unabeba chupa. Likazaliwa neno la pili mtaani: kuvuka. "Vipi, umegeuziwa?" "Nimegeuziwa. Navuka."

Shemeji alipolisikia neno hilo, alivua aproni akavuka yeye mwenyewe. Binti yake, ambaye siku hizi ni msusi, alikuwepo dukani, na ametusimulia.

"Mdogo wangu, yule niliyemkatalia sasa hivi umempa nini?"

"Dada, alikuja na miguu yake."

"Miguu ipi? Alikuwa anatembea kama anakanyaga mayai!"

"Mtu mzima huyo, dada. Akinikosa mimi atampata mwingine. Mimi nauza tu."

Binti anasema mama yake alikaa chini juu ya kreti. Hakugomba. Alikaa tu, kama mtu aliyeishiwa pumzi ngazini. Kisha akasema, "Wewe ulikuwa mgongoni kwangu siku ile. Labda ulikuwa umelala. Hukusikia."

Shemeji Mdogo akakaa karibu naye. Kisha, akiwa bado na utani kidogo mdomoni, akauliza, "Sasa nitajuaje, dada? Mimi niko huku, wewe uko kule. Mtu akijikaza dakika mbili hapa mbele yangu, nitajuaje kwamba umeshamgeuzia?"

Hapo wakapatana. Shemeji alikuwa na kitambaa cha kufutia glasi, cha bluu, cha miraba. Kwenye nguzo ya mlango wa baa palikuwa na msumari. Akimgeuzia mtu glasi, na mtu huyo akatoka, atakitundika kitambaa pale msumarini. Mdogo wake akiinua macho akakiona, basi anayevuka sasa hivi asiuziwe. Bila maneno, bila kupiga kelele barabarani, bila kumdhalilisha mtu. Kitambaa kikiwepo, hakuna kuuza. Nasema tena, ili aliyechelewa asipotee: kitambaa kikiwepo, hakuna kuuza.

Na ilifanya kazi. Walevi walinung'unika kwamba ukoo ule umewazunguka. Yule fundi cherehani, mteja wa kila siku, alisema hajawahi kuona kitambaa chenye mamlaka kuliko hakimu. Neno la kuvuka likaanza kufa.

Wasikilizaji wapendwa, natamani kipindi kiishie hapa. Ningepiga wimbo, ningewatania kidogo, tungeagana. Hakiishii hapa.

Ilikuwa alasiri ya kawaida, jua kali, watu wachache. Dereva wa lori la mchanga aliegesha karibu na duka la Shemeji Mdogo, akavuka, akaingia baa. Alikuwa ameshakunywa kwingine. Shemeji alimpokea kwa uchangamfu, akasogeza kopo la maziwa. "Funguo, shemeji yangu." Dereva akacheka, akasema funguo haziachi, ana safari. Shemeji akasema basi na pombe haitoki. Hata moja hakumpa. Nataka hili lisikike hadi kwenye vyumba vya nyuma: hata moja hakumpa. Alichukua glasi safi, ambayo haijaguswa, akaigeuza mbele yake, akaweka maji.

Dereva hakuyanywa. Aliaga kwa utani, akatoka. Shemeji akachukua kitambaa cha bluu, akakitundika msumarini, akarudi ndani kupiga simu kwa tajiri wa lori.

Ng'ambo, dereva akaomba chupa ndogo. Akaipata. Akapanda kwenye lori, akakaa nayo.

Shemeji alimaliza simu, akatazama nje, akaona mkono wa dereva ukiinua chupa dirishani. Kisha akasikia injini. Fundi cherehani, aliyekuwa kwenye benchi la nje, anasema hajawahi kumwona mwanamke yule akikimbia hadi siku hiyo. Alitoka na kopo la maziwa mkononi. Alivuka barabara akiita, "Shemeji, subiri! Nipe funguo! Nipe funguo, nitakuitia mtu!" Alikuwa anaita kwa sauti ile ile ya utani. Alifika nyuma ya lori, akapiga bodi kwa kiganja ili dereva amsikie.

Lori likarudi nyuma.

Shemeji alibanwa kwenye ukuta wa duka la mdogo wake. Kopo lilivingirika hadi katikati ya barabara, funguo za wateja zikatawanyika. Dereva yuko mikononi mwa sheria, na huko tumwache, kuna wanaolipwa kumshughulikia.

Shemeji Mdogo alimbeba dada yake. Safari hii yeye ndiye aliyembeba. Gari la jirani likawapeleka hospitali, kichwa cha dada kikiwa mapajani mwa mdogo wake. Njiani alifumbua macho. Hakuuliza kuhusu maumivu. Aliuliza, "Ulikiona kitambaa?"

Na mdogo wake akajibu, "Hapana, dada. Sikukiona."

Dada akafikiri kidogo. Akasema, "Basi nilikitundika chini. Kesho nitakitundika juu zaidi."

Hakufika hospitali.

Wasikilizaji wapendwa, nilidhani familia ingetaka hili libaki ndani. Haikuwa hivyo. Usiku wa kabla ya mazishi, ukumbi ukiwa umejaa, Shemeji Mdogo alisimama mbele ya watu wote akaomba asinyang'anywe kipaza sauti. Na ameniomba mimi niseme hewani kama alivyosema yeye, nisipunguze wala nisipambe.

Alisema, "Nilikiona. Nilikiona vizuri kabisa. Kilikuwa kinapepea. Nilimtazama dereva, nikaona anacheka, anaongea vizuri, nikasema moyoni, chupa ndogo tu, anakwenda nayo nyumbani. Nilikiona kitambaa, nikauza. Kisha dada yangu akaniuliza, nikamdanganya. Amekufa akidhani kosa ni la kwake. Amekufa akipanga kukitundika juu zaidi."

Binti wa marehemu alitoka nje. Alirudi baadaye sana, akakaa pembeni ya mjomba wake. Hakumshika mkono, lakini alikaa. Nilipomuuliza kama amemsamehe, aliniambia, "Kaka, usiniharakishe." Sikumharakisha. Na ninyi msimharakishe.

Shemeji Mdogo alitaka kufunga duka. Alishaanza kushusha chupa kwenye rafu. Aliyemkatalia ni mama yake. Mama huyu amezika mume, sasa amezika binti, wote wawili kwa njia moja. Alikwenda dukani taratibu, akamkuta mwanawe amekaa juu ya ile kreti ya kulia chakula.

"Unafunga ili iweje?"

"Mama, nitawezaje kuuza tena hapa?"

"Ukifunga, watakwenda kwa mwingine anayesema anauza tu. Hiyo kazi dada yako hakuimaliza. Fungua, baba. Fungua, ukatae."

Akampa kitambaa cha bluu, kimefuliwa, kimekunjwa.

Alifungua. Mteja wa kwanza kuvuka akiwa amezidisha alikuwa nani? Fundi cherehani. Msiba ulikuwa umemzidi, na hakuwa na pa kwenda kulia. Akaegemea kaunta, akaomba chupa, akajaribu utani kama zamani, "Nipe, Shemeji Mdogo. Leo mkubwa hayupo kunizuia."

Shemeji Mdogo aliiacha chupa kwenye rafu. Duka lake ni la chupa, halina glasi za wateja. Ana moja tu, ile aliyokuwa akinywea maji dada yake mchana walipokula pamoja. Aliichukua. Akaigeuza, akaiweka kaunta, mdomo ukiangalia chini.

Fundi cherehani aliitazama glasi. Akavua kofia. Wakakaa wote wawili juu ya kreti, wakalia hadi wateja wengine wakaona aibu kuagiza.

Kwa mama yetu, kwa binti, kwa mdogo wa marehemu, kwa Bosi na wote wa baa ya kona: poleni sana. Poleni kutoka kwetu studio, na kutoka kwa kila anayetusikia. Mungu awape nguvu, na ampe Shemeji pumziko.

Na wewe unayeuza. Wewe wa kaunta, wewe wa duka, wewe wa dirisha dogo lenye nondo. Siku zote nakutania hapa, leo sikutanii. Mtu akisimama mbele yako ameshatosheka, macho yako yanamwona kabla yeye hajajiona. Hutapata wa kukuuliza kwa upole kama Shemeji alivyomuuliza mdogo wake. Jiulize mwenyewe, leo, kabla hujafungua friji: ulikiona?

Ukipita mtaa ule, hutahitaji kuonyeshwa duka. Shemeji Mdogo aliazima ngazi ya fundi rangi mmoja, akapanda hadi juu kabisa ya paa, juu ya bango, akapigilia msumari mrefu. Kitambaa cha bluu kiko pale. Kinaonekana kutoka baa, kinaonekana kutoka kona ya barabara, kinaonekana kutoka mlangoni kwa mama yao. Jirani aliyemshikia ngazi alimwambia, "Inatosha hapo, kaka, kinaonekana."

Yeye akasema, "Bado. Alisema juu zaidi."